Mirihi, Mionzi na Saini ya Mwanaanga

Agosti 1972 jua lilichafuka. Kwa siku kadhaa lilirusha chembe kali kiasi kwamba mtu ambaye angekuwa akitembea mwezini, akiwa na vazi lake tu, angeweza kuugua vibaya. Bahati njema, huko hakukuwa na mtu. Apollo 16 ilikuwa imesharudi Aprili, na Apollo 17 haikuondoka hadi Desemba. Kilichowaokoa Wamarekani ni kalenda.

Hata hivyo, dhoruba za jua ndilo tatizo jepesi. Wanaanga wakipewa tahadhari wanaweza kujibanza katikati ya shehena ya maji na chakula mpaka zipite. Kinachowaumiza wahandisi vichwa ni mionzi ya kosmiki: viini vya atomi, vikiwamo vya chuma, vinavyotoka nje kabisa ya mfumo wa jua na kupita usiku na mchana kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Vikigonga alumini hupasuka na kuzaa chembe nyingine, kwa hiyo ukuta wa chombo nao hugeuka chanzo cha mionzi. Maji na plastiki hufaa zaidi kwa kuwa vina haidrojeni nyingi, ila kinga ya kutosha ingekuwa nzito mno kurushwa.

Hesabu zenyewe zinajulikana. Kifaa kilichosafiri na gari la utafiti la Curiosity kati ya 2011 na 2012 kilipima mionzi ya takriban milisiveti 1.8 kwa siku. Mwaka 2013 watafiti walikadiria kuwa kwenda Mirihi na kurudi, siku 180 kila upande, kungemletea mtu milisiveti 660 hivi, bila kuhesabu siku za kukaa huko. Duniani, mionzi ya asili humpa mtu wastani wa 2.4 kwa mwaka mzima.

NASA, shirika la anga la Marekani, nayo mwaka 2022 iliweka ukomo wa milisiveti 600 kwa maisha yote ya kazi. Ilikuwa hatua ya haki. Ukomo wa awali ulitofautiana kwa umri na jinsia, na wanawake walikuwa wakifungiwa mlango mapema kuliko wenzao. Lakini 660 haiingii katika 600, na kila mtu anayepanga safari ya Mirihi analijua hilo. Njia inayobaki ni ruhusa maalumu: mwanaanga aelezwe, akubali, atie saini.

Wapo watakaouliza kuna ubaya gani. Ukomo huo umekokotolewa kwa hatari ya asilimia 3 hivi ya kufa kwa saratani, na anayekubali kuketi juu ya roketi ameshazoea hatari. Hoja hiyo ina uzito. Ila roketi ikilipuka dunia nzima inaona. Saratani huja miaka mingi baadaye, mtu akiwa mstaafu nyumbani kwake. Tena anayeomba saini ndiye huyohuyo anayechagua nani asafiri. Mtu aliyejiandaa miaka 15 kwa safari moja atakataaje?

Kwa hiyo swali kubwa si saini, ni matibabu. Marekani ililigusa mwaka 2017, ilipopitisha sheria inayoiruhusu NASA kuwapima na kuwatibu wanaanga wake wa zamani kwa maradhi yanayotokana na safari zao. Kuruhusu bado si kulazimisha. Na abiria wa kampuni binafsi, ambao nao hutia saini kwamba wameelezwa hatari, sheria hiyo haiwahusu.