Kabla Ununue Shawa Nyingine Kitengela, Uliza Maji Yanatoka Wapi

Kama unaishi Kitengela na umebadilisha shawa ya umeme mara mbili mwaka huu, wacha kwanza kulaani kampuni iliyoitengeneza. Uliza maji ya plot yenu yanatoka wapi. Wengi wetu hatuulizi. Tukienda kuangalia keja tunacheki kama kuna tailisi, kama intaneti imefika, kama nduthi itapata pa kulala, tunalipa diposti. Wiki ya pili ndio tunaanza kushangaa mbona sabuni haitoi povu na mbona chai ina ladha ya ajabu.

Mimi hutengeneza video za kurekebisha vitu vya nyumba. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kila nikipakia video lazima kuna msee ataandika "wewe hata digrii huna". Ni kweli, sina. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuwashikia mafundi tochi huku Noonkopir, na kwa kusoma zile karatasi za maelezo ambazo watu hutupa pamoja na boksi. Stima haiulizi cheti kabla ikurushe.

Sasa msimamo wangu: landilodi yeyote wa Kajiado anayekuuzia maji ya boholi anafaa kukuonyesha majibu ya maabara kabla umpe diposti. Najua kuna wenye plot watanikasirikia. Wacha nianze na shawa, kwa sababu huko ndiko mfuko huumia kwanza.

Shawa nyingi tunazotumia, zile za kupasha maji papo hapo, ni za aina moja iliyotoka Brazil. Ndani kuna kiwambo cha mpira. Ukifungulia maji, presha inakisukuma, kinagusanisha vyuma vya stima, elementi inawaka. Presha ikiwa ndogo, hakuna kitu kinawaka hata ukilia. Ndiyo maana wale wa orofa ya juu kabisa hulalamika zaidi: tangi liko juu ya kichwa chao tu, na shawa nyingi zinataka maji yaanguke kutoka angalau kama mita moja juu yake. Mtu huyo ataambiwa "elementi imekufa", anunue nyingine, na bado maji yatoke baridi. Dawa yake ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Ukiwa na presha na bado maji ni baridi, au yanachoma halafu yanapoa, zima swichi kubwa kwanza. Si ile ya kamba. Ile ya ukutani, na ukiweza ile ya kwenye boksi la stima. Fungua uso wa shawa, ule wenye matundu madogo. Mara nyingi utakuta mchanga na ukoko mweupe. Ukoko huo ni chokaa, inatokana na maji magumu yakipashwa moto. Loweka kile kipande cha plastiki kwenye siki usiku mzima, sugua na mswaki wa zamani, umemaliza. Cheki pia kichujio kidogo pale bomba linapoingilia. Maji yakishindwa kupita vizuri, machache yanayopita yanachemka kupita kiasi na elementi inajiunguza yenyewe. Dakika 20 za kazi na siki ya bei ya mandazi chache zinaweza kuokoa shawa ya maelfu.

Na ukibadilisha elementi, tafadhali, fungulia maji baridi kwanza yajae na kutiririka kabla hujarudisha stima. Elementi mpya ikiwaka kwenye hewa, inakufa kwa sekunde. Nimeona fundi akifanya hivyo, kisha anamwambia mteja eti alinunua feki.

Lakini shida kubwa ya mtaa wetu ni nyingine. Kuna shawa ambazo elementi yake ni waya uchi, umelala ndani ya maji. Kuna nyingine ambazo waya umefungiwa ndani ya bomba la chuma, nazo huuzwa kama za maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha stima vizuri zaidi. Ukiweka waya uchi kwenye maji ya boholi yenye chumvi, waya utaliwa haraka, na stima nyingine itatembea na maji mpaka kwako. Ule mtekenyo unaousikia ukigusa mfereji, ambao watu hapa wanauzoea na kuufanyia utani, ni onyo. Usioge. Zima, toka, ita fundi wa stima. Muulize kama waya wa athi umeunganishwa, kwa sababu kwenye plot nyingi waya huo umekatwa au umekunjwa tu ndani ya ukuta kama mapambo. Athi ndiyo inayoupa huo umeme uliopotea njia ya kwenda chini badala ya kupita kwako. Ikiwa pia kuna ile swichi ya usalama inayokata stima ikivuja miliampia 30 tu, hapo umelala salama.

Hesabu kidogo. Shawa ya wati 5,500 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta karibu ampia 23. Waya mwembamba wa soketi hauwezi mzigo huo kila asubuhi. Unapata moto polepole, kile kiunganishi cha plastiki kinayeyuka, unasikia harufu ya kuungua na unadhani ni jirani anachoma takataka. Na kwa wale wa tokeni: dakika 11 chini ya shawa hiyo ni uniti moja nzima. Imba wimbo mmoja tu.

Hayo yote yanaonekana. Ukoko unauona, elementi iliyokatika unaishika mkononi. Kilichonifanya niandike hii hakionekani.

Kajiado iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na miamba ya volkano, na maji ya chini katika sehemu nyingi za ukanda huu, kutoka Nakuru hadi Arusha, huja na floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kuna visima vinavyozidi hapo. Floridi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Na hapa ndipo watu wengi wanapotea: maji yanayoua shawa si lazima yawe ndiyo yenye floridi nyingi. Mara nyingi ni kinyume. Maji yenye kalsiamu nyingi, yale ya ukoko, huwa yanaizuia floridi kiasi, na maji laini yanayotoa povu safi kabisa yanaweza kuwa nayo tele. Kwa hivyo yule anayejisifu "boholi yetu iko sawa, hata sabuni inatoa povu" hajapima chochote.

Unajua matokeo yake, kwa sababu umeyacheka. Yale meno ya kahawia, yenye madoa, ambayo kwenye TikTok watu wanaandika chini ya picha ya msichana wa Kajiado "kwani mswaki ni pesa ngapi". Huyo msichana pengine anapiga mswaki kukushinda. Madoa hayo yaliingia wakati meno yake ya ukubwani yalikuwa yanaundwa ndani ya ufizi, kabla afike kama miaka 8, na hakuna mswaki utayatoa. Nina madarasa mazima ya watu niliosoma nao ambao bado wanafunika mdomo wakicheka. Hilo ndilo linanikera kuliko shawa zote. Sisi wa miaka 20 na kitu, meno yetu yameshaundwa. Anayeingia kwenye hatari leo ni ndugu yako wa miaka 3, na yule mtoto wa jirani anayekorogewa maziwa ya unga na maji ya mfereji.

"Lakini sisi tunachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu, na uendelee kuchemsha. Floridi haiendi popote. Maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki, sasa ikiwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. "Sisi tuna filta." Filta gani? Ile ya ndoo mbili yenye mshumaa wa udongo ni nzuri kwa tope na vijidudu, mradi unausugua mshumaa ukianza kudondosha polepole na kuubadilisha ukipata ufa au ukiwa mwembamba. Ile ya mkaa inayofungwa kwenye mfereji inatoa harufu na klorini, mpaka mkaa uchoke, na ukishachoka unageuka kuwa nyumba ya vijidudu. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayoondoa chumvi au floridi. Matha akinunua moja kwa mkopo wa chama akidhani amemaliza shida ya meno ya mtoto, kuna mtu amemdanganya kwa kunyamaza.

Wengine hawanyamazi, wanadanganya kwa mdomo. Kuna hila ya zamani, imezunguka dunia nzima, na wauzaji wa filta bado wanaibeba nyumba kwa nyumba. Mtu anachukua glasi mbili, moja ya maji yako na moja ya maji ya mashine yake. Anachovya kifaa chenye vyuma na kukiwasha. Maji yako yanageuka kahawia, yanatoa povu chafu. Yake yanabaki safi. Matha anashika kifua. Sasa sikiza: uchafu huo umetoka kwenye vyuma vyenyewe. Stima inayeyusha chuma na kutoa kutu. Maji ya mashine yake hayana chumvi, kwa hivyo stima haipiti na hakuna kinachotokea. Akirudi, mwombe aweke chumvi ya mezani kidogo kwenye glasi yake arudie. Itageuka kahawia pia. Mtazame uso.

Mashine inayotoa floridi na chumvi kweli ni ile inayosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba sana, zile za RO unazoziona kwenye vibanda vya kujaza mitungi ya lita 20. Inafanya kazi, lakini inamwaga sehemu kubwa ya maji kama taka, na utando usipobadilishwa unaacha kuchuja huku bango likiendelea kusema maji safi. Muulize mwenye kibanda aliubadilisha lini. Akikupimia kwa kile kikalamu cha namba, jua kinapima chumvi zote kwa ujumla. Hakijui floridi ni nini. Njia nyingine ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu, ambao Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeutumia kwa miaka mingi, na hata Watanzania wana kituo chao cha utafiti huko Ngurdoto, Arusha. Sisi hapa Kajiado, nchi ya ng'ombe, mifupa tunatupa. Niambieni basi.

Na kuna ya bure kabisa: mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hayana hiyo floridi. Kitengela tunapata mvua ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, tunaiangalia ikifurika barabarani pale Yukos tukipiga video. Mtoto mdogo hanywi maji mengi. Gata safi, mvua ya kwanza uiache ioshe bati, halafu mitungi kadhaa iliyofunikwa ya kumchemshia yeye tu. Ya kuoga na kufua endelea na boholi.

Sasa nirudi kwa landilodi. Kuchimba boholi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na kwa kawaida kazi ikiisha sampuli hupelekwa maabara. Maana yake kwenye plot nyingi hiyo karatasi iko, au ilikuwako, kwenye droo fulani. Katiba kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mimi niliomba karatasi hiyo kwa mwenye plot ninayokaa. Keateka alicheka, akaniuliza kama nataka kuhama. Baadaye nikajibiwa kwa simu kwamba "watu wote wanakunywa na hakuna aliyekufa".

Sitaki akamatwe. Wapangaji 24 tukichanga hatushindwi kulipia kipimo cha floridi, na mimi tayari nimeanza kuzunguka milango na daftari. Lakini yeye ndiye anayetulipisha maji kila mwezi, kwa uniti, na bili haichelewi hata siku moja. Anayeuza nyama huonyesha muhuri. Anayeuza maji abandike majibu yake pale ukutani, kando ya namba ya kulipia rendi.

Ukiwa unahama mwezi huu, iwe Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, uliza hayo matatu kabla utoe diposti: karatasi ya maji, waya wa athi bafuni, na urefu wa tangi. Na kama landilodi wako ameitoa karatasi bila vita, nitumie picha, ufunike jina lake na la plot. Nataka kuona floridi imeandikwa ngapi. Mpaka sasa nimetumiwa mbili tu.