KIMETA: ADUI AWAFUNGAYE ASKARI WA MWILI

Ng'ombe aliyekula vema jioni huonekana asubuhi amekufa, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Majirani husema amelogwa; kumbe ni kimeta. Mwaka 1876 Dr. Robert Koch wa Ujerumani alithibitisha kwamba ugonjwa huo huletwa na vijidudu.

Ndani ya damu mna chembe nyeupe, nazo ndizo askari wa mwili, kazi yao kumeza vijidudu. Vijidudu vya kimeta haviwakimbii askari hao, bali huwashambulia kwa protini tatu. Ya kwanza hujishikiza juu ya chembe, nazo zikikutana saba au nane hufanya duara, na duara hiyo huwa mlango. Kwa mlango huo huingia zile nyingine mbili. Moja hukatakata protini ambazo chembe huzitumia kupeleka habari ndani yake, hata amri ya vita isifike. Nyingine huidhoofisha chembe isiweze kumeza, tena huujaza mwili uvimbe wa maji. Basi askari wapo, lakini hawapigani.

Jambo hili lina maana kubwa kwa wanadamu. Dawa ya hospitali huviua vijidudu, lakini haiiondoi sumu iliyokwisha kumwagwa. Kwa hiyo mtu aliyeshika nyama au ngozi ya mzoga, kisha akatokwa na kidonda chenye kigaga cheusi, asingoje kwa kuwa hakimwumi. Kutouma si kupona. Aende kwa daktari siku ile ile.

Kwa mifugo iko chanjo. Katika miaka ya 1930 Max Sterne, huko Afrika ya Kusini, alipata kijidudu cha kimeta kilichopoteza ganda lake la kujikinga, lakini kingali chatoa protini zile. Mnyama akichanjwa, mwili wake hujifunza kuitambua protini ya mlango na kuizuia. Hivyo silaha ya adui imekuwa mwalimu wa askari.

Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafula usipasuliwe wala usiliwe. Vijidudu vikipata hewa hugeuka mbegu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingojea ng'ombe wengine. Na apelekewe habari daktari wa mifugo. Hasara ya nyama ya ng'ombe mmoja ni nyepesi kuliko matanga.