Chombo Kizuri ni cha Kulia Chakula

Wazee husema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Hufanya vyombo vizuri akaviuza, naye nyumbani hula katika kigae. Methali hii ni kweli mahali pengi, lakini huko Japani iko mikahawa ambayo chombo kizuri hakifichwi wala hakipelekwi mbali na chakula. Tambi zake hukandwa kwa mkono, na bakuli zinazotiwa tambi hizo nazo zimefinyangwa kwa mkono.

Tambi hizo huitwa soba, kwa jina la mmea ambao mbegu zake husagwa. Unga wake haushikamani kama wa ngano, kwa hiyo wapishi wengi huchanganya sehemu 8 za soba na sehemu 2 za ngano. Mpishi hukanda, husukuma donge hata liwe jembamba kama kitambaa, hulikunja, kisha hulikata kwa kisu kipana. Tambi huchemshwa dakika moja au mbili tu, zikaoshwa kwa maji baridi. Hata maji yaliyozichemsha hayamwagwi: mlaji huyatia katika mchuzi uliobaki kikombeni, akanywa.

Wako wasemao kwamba hii ni kupoteza wakati, maana mashine hukata tambi upesi na viwanda hutoa sahani rahisi. Wengine husema vyombo vizuri hivyo vingefaa kuwekwa katika kabati la kioo. Mimi sikubaliani na hawa wala wale.

Mwaka 1925 Yanagi Soetsu na rafiki zake wafinyanzi, Hamada Shoji na Kawai Kanjiro, walitunga neno mingei, maana yake sanaa ya watu wa kawaida. Walifundisha kwamba uzuri wa chombo hutokana na kutumika kila siku. Hamada alifanya kazi Mashiko, kaskazini ya Tokyo, ambako vyombo vya jikoni vilifinyangwa tangu mwaka 1853. Mwaka 1955 alipewa heshima ya Hazina Hai ya Taifa. Lakini tazama ajabu: leo bakuli zake nyingi zimo katika majumba ya makumbusho, wala hazitiwi mchuzi. Heshima imezinyima kazi.

Ndiyo maana nausifu mkahawa. Bei ya mlo wake huenda ikazidi ya tambi za kiwandani, hilo sikatai. Lakini kwa bei ya mlo mmoja mlaji hushika mikononi chombo ambacho pengine asingeweza kukinunua. Mfinyanzi naye hupata habari: kikombe hiki ni kizito, mdomo wa kile unakwaruza. Kabati la kioo halimwambii neno.

Na kikivunjika? Tetemeko la Machi 2011 lilibomoa tanuri nyingi huko Mashiko, na wafinyanzi wakajenga tena. Chombo kikivunjika, mwenye ujuzi atafinyanga kingine. Ujuzi ukifa kwa kukosa kazi, nani ataufinyanga?

Basi, wenzangu, tukiona kazi ya mkono tusiulize kwanza kama yafaa maonyesho. Tuulize kama yafaa chakula cha leo.