Sanamu Yenye Udongo wa Mahali Pake

Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji wadogo watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Nchi nzima ilimshukuru Mungu. Agosti 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, ardhi ilititia tena ikafukia zaidi ya watu 20, na safari hii vilio vilizidi shangwe. Hao angalau walitangazwa. Wapo wengi, kuanzia Shinyanga hadi Geita, waliofia katika maduara ambayo hata redio haikuyataja. Wengine walikuwa wageni, wakijulikana kwa jina la utani tu. Mama akija kutoka mbali na kuuliza amwombee mwanae akiwa amesimama wapi, tutamwonyesha nini?

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunalo deni hapa. Tunatarajia siku moja kuinua kalisi iliyopakwa dhahabu. Dhahabu hiyo ilitoka mahali fulani, kwa jasho la mtu fulani. Kwa hiyo tunatoa pendekezo: parokia zetu za ukanda wa machimbo ziwakaribishe wachongaji waje kuishi nasi, mwezi mmoja au mitatu, watengeneze kazi itokanayo na mahali penyewe.

Utaratibu huo si mgeni nchini. Nafasi Art Space, Dar es Salaam, imekuwa ikipokea wasanii wakazi, yaani wasanii wanaopewa nafasi ya kuishi na kufanya kazi mahali kwa muda. Anayefanya sanaa ya namna hii haji na sanamu iliyokamilika kwenye lori. Anakuja mikono mitupu. Anatembea, anasikiliza, anashika udongo, anauliza maji hupita wapi na watu hukaa wapi jua likiwa kali. Kisha anajenga kwa vitu anavyovikuta: mawe yaliyotolewa duarani, magogo yaliyowahi kuegemeza kuta za shimo, kamba, ndoo, mabati. Kazi hiyo ukiihamishia mji mwingine inapoteza nusu ya maana yake.

Msukuma hashangai kusikia hivyo. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wamekuwa wakiingiza uwanjani sanamu za mbao ili kuwavuta watazamaji upande wao. Sanamu hiyo huwa na maana pale uwanjani, katikati ya ngoma na watu. Wazee wetu walijua kwamba mahali ni sehemu ya kazi ya msanii.

Kanisa nalo limeshalijaribu jambo hili kwetu Usukumani. Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kujenga parokia katika miaka ya 1950. Hakuleta ramani ya kanisa la kwao Quebec. Tabernakulo ilipewa umbo la nyumba ya Kisukuma, ikawekewa ngao na mikuki, ili anayeingia atambue kwamba humu anakaa Mtemi. Jengo la ngoma za watemi lina umbo la kiti cha enzi. Hata mashindano ya ngoma yaliunganishwa na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ndiyo Bulabo tunayoijua. Padre Clement hakupita Bujora kama mgeni wa wiki moja. Aliishi pale, akajifunza, ndipo akajenga.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu Liturujia, ulifundisha kwamba Kanisa halikujichagulia mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Hata hivyo parokia zetu nyingi bado zinanunua sanamu za plasta zilizomiminwa katika kalibu moja, zilezile Kahama na zilezile Dar es Salaam. Hatuzidharau; waamini wamesali mbele yake na wamefarijika. Ila Mwana wa Mungu hakutwaa mwili mahali popote tu. Alizaliwa katika kijiji chenye jina, akakua miongoni mwa mafundi.

Wapo watakaosema: watu wana njaa, zahanati haina dawa, nanyi mnataka sanamu? Swali ni la haki. Fedha ya dawa isiguswe. Lakini mawe tunayo, magogo tunayo, na chumba cha mgeni parokiani kipo. Na maskini naye ana haki ya kulia na kukumbuka mahali penye heshima, kama tajiri mwenye kaburi la marumaru.

Tunaongeza masharti matatu. Kwanza, mchanga wa marudio uliopitiwa na zebaki usitumike, kwa sababu hauwezi kuwakumbuka wafu huku ukiwadhuru walio hai. Pili, kazi isibebe nembo ya mwenye mgodi wala jina la mfadhili. Majina yatakayoandikwa yawe ya marehemu, kwa ridhaa ya familia zao. Tatu, wachimbaji na wajane washirikishwe tangu siku ya kwanza. Jumuiya ndogo ndogo ikae na msanii chini ya mti, imweleze, imkosoe. Akipanga mbele yao mawe yasiyosema kitu, ayapange upya.

Tuanze na kigango kimoja. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, padre aongoze waamini hadi pale, majina yasomwe moja baada ya jingine, maji ya baraka yanyunyizwe juu ya mawe yaleyale ambayo marehemu waliyapandisha kwa kamba. Yule mama atakapokuja kuuliza, tutakuwa na mahali pa kumpeleka.