Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu Tanzania: Mleteni Yasmin Kivinje

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Kilwa Kivinje, mji usio na jumba la sinema. Tulivyo navyo ni vibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja, mpira wa Ulaya mwisho wa wiki na filamu za mapigano zilizotiwa maneno ya Kiswahili siku nyingine. Wanaoingia ni wavulana. Binti akionekana mlangoni, habari zake zinafika nyumbani kabla yake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Nilibahatika kuiona Dar es Salaam. Niliporudi nilimwendea shoga yangu, tuliyechezwa naye ngoma msimu mmoja, nikamwambia: ukiipata usiikose, na binti yako mtazame naye. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Ile ya msichana anayemkimbia mumewe? Shoga, na wewe una mabinti!"

Hadithi anaijua vizuri kuliko mimi, kwa sababu ameifundisha. Riwaya ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999 na kwa miaka mingi imesomwa kidato cha tano na cha sita. Binti anaruhusiwa kuisoma, kuikariri na kuijibia mtihani. Kumwona Yasmin, msichana huyo, akitembea na kusema, hapo ndipo mikono inapoinuliwa kuzuia.

Kwa asiyeijua: ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume aliyemzidi umri mno. Anatoroka. Ndugu zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, ambaye katika filamu anaigizwa na mwimbaji Siti Amina. Huko anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru, na wanapendana bila mahari wala shehe.

Shoga yangu si mtu wa kupinga kila kipya, na hofu yake naiheshimu. Anasema msichana wa miaka kumi na sita atauchukua ule utoro na kuyaacha mateso yaliyouzaa. Wasichana walioacha shule kwa ujauzito tumewaona sote wawili, mmoja mmoja, tukiwajua kwa majina. Lakini nilipomuuliza, "Na Denge je?" uso wake ulikunjuka. Denge ni shujaa. Denge aliwakatalia wakubwa. Denge alijitoa.

Ndugu Katibu, jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Filamu ni moja, waasi ni wawili, mmoja tunampigia makofi na mwingine tunamfichia mlango. Na sisi wa pwani hii ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kuona haya mbele ya mtu aliyekataa. Nandete, huko Umatumbi, ndiko watu walikong'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905 na vita vya Maji Maji vikaanza. Hapa Kivinje tuna Mwembe Kinyonga, walikonyongewa mashujaa wetu, na watoto wa shule tunawapeleka pale tukiwaambia wajivunie. Tunawafundisha kwamba kulikataa shamba la kulazimishwa ni ushujaa. Ndoa ya kulazimishwa nayo ni kitu cha kukataliwa, na anayeikataa hastahili kuitwa asiye na adabu.

Hili si la zamani tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mlango wa binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa hiyo alilolikimbia Yasmin, majaji wa nchi hii wamelikataa mara mbili. Filamu inaonyesha tu sura ya mtu ambaye hukumu inamtaja kwa kifungu.

Najua kuzuia ni rahisi. Mwaka 2018 wenzenu wa Kenya waliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu. Hadithi yake ni nyingine kabisa na sitaki kuzichanganya. Septemba mwaka ule ule Mahakama Kuu ya huko iliifungulia siku saba kwa watu wazima, na Nairobi watu wakajaa kumbini. Marufuku iliwaongezea hamu, lakini haikuwakalisha wazazi na watoto wao pamoja hata dakika moja.

Sisi tunajua kukaa pamoja. Huku Lindi mwali hafichwi mambo ya mwili wala ya unyumba. Anaambiwa wazi, kwa nyimbo na kwa vitendo, na kungwi yupo pembeni kumweleza kila kitu kina maana gani. Wageni wanaotuona watu wa kufunika kila jambo hawajawahi kusikia kinachosemwa unyagoni. Kama tunaweza kumwambia binti yote yale, basi saa moja na nusu ya Yasmin haitatushinda, ilimradi asiachwe aitazame peke yake kwenye simu, usiku, chini ya shuka.

Filamu hii ya Vuta N'Kuvute ilioneshwa katika tamasha la Toronto Septemba 2021. Mwaka 2022 ndiyo iliyopelekwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar, ya kwanza tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Imezungumzwa kwa Kiswahili, lugha ya nyumba zetu.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 imewapa kazi ya kukagua na kuruhusu. Naomba safari hii muongeze na kuleta. Shirikianeni na Ofisa Utamaduni wa wilaya, mfunge pazia jeupe uwanjani Kivinje, usiku mmoja kwa wanawake na mabinti wao, usiku wa pili kwa wote, bila kiingilio. Makungwi na walimu wakae mbele, na taa zikiwashwa watu wasiondoke, waulizane.

Shoga yangu ameniahidi kwamba mkija, atakuja na binti yake. Nitawawekea mkeka.

Mama wa mabinti watatu,
Kilwa Kivinje