Ng'ombe wa Baba Ana Zizi, Kuku wa Mathee Analala Nje

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo mtanikasirikia na ni sawa tu.

Kila nikiposti kitu kuhusu kuku wa kienyeji, komenti ya kwanza ni "kuku ni hasara, mwewe na nguchiro watamaliza." Ya pili ndiyo inanichoma: "Nunua sumu agroveti, paka kwa nyama, tupa nyuma ya nyumba, kwisha." Na watu wanalaiki! Huo ndio ushauri tunapeana sasa?

Haya, tuongee. Sumu haichagui. Ile nyama umetegea nguchiro italiwa na mbwa wako, paka wa jirani, hata kuku wenyewe wataidonoa. Na watoto wanacheza hapo hapo. Mnakumbuka Maasai Mara, Desemba 2015? Simba walikula ng'ombe, mtu akatia mzoga sumu. Wakafa simba wa lile kundi la Marsh, ambalo dunia nzima ililijua kupitia vipindi vya BBC. Tumbusi nao wakishukia mzoga kama huo hufa kwa makundi. Na baada ya hapo simba wengine hawakuacha kula ng'ombe. Kwa hivyo sumu ilisaidia nani?

Hapa kwetu hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa mahindi. Mahindi yakiwa ghalani, panya wanakuja. Nani anakula panya usiku? Bundi. Paka pori. Kanu, na simaanishi chama. Nguchiro naye anakula panya na nyoka. Ukiwaua wote kwa sababu ya vifaranga watatu, umewafungulia panya ghala. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hiyo haitaki digrii.

"Si KWS watulipe?" Soma Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Ina orodha ya wanyama ambao wakikuletea hasara unaweza kudai fidia: simba, chui, fisi, ndovu, mamba na wenzao. Mwewe hayuko. Nguchiro hayuko. Kanu hayuko. Kuku wako akiliwa, hiyo ni shida yako na jikoni kwako. Na hata wenye mbuzi walioliwa na fisi, muulize yeyote aliyejaza zile fomu amengoja muda gani.

Sasa tuguse penye kidonda. Ingia boma lolote huko Kimilili, Kwanza au Webuye, uangalie nani analala wapi. Ng'ombe ana zizi la miti na mlango. Pikipiki inalala sebuleni, karibu na viti, imefunikwa kitambaa. Kuku je? Kuku wanalala jikoni kwa moshi, au juu ya mparachichi, wakingoja bahati. Kwa nini? Kwa sababu kuku ni "vitu vya mama." Hakuna mwanaume anataka kupigia vitu vya mama misumari.

Lakini karo ikipungua, nani anauzwa asubuhi na mapema? Mtoto akihitaji viatu? Mgeni akibisha hodi Bungoma na hakuna kuku, si tunaona aibu boma zima? Firigisi inaenda kwa baba, hasara inaenda kwa mama. Semeni naongopa.

Nguchiro anakula mahali palipoachwa wazi, basi. Kwa hivyo tufunge. Na si mambo ya mamilioni.

Mwewe anataka vifaranga, kuku mkubwa humsumbua. Basi zile wiki za kwanza, vifaranga wakae chini ya tenga, vile kukhu alikuwa anafanya, au kwa uwanja mdogo uliofunikwa waya juu. Acha pia vichaka karibu, kuku wapate pa kujificha.

Nguchiro ni mwembamba. Ile waya ya kuku ya matundu makubwa inamzuia kuku kutoka, haimzuii nguchiro kuingia. Chukua ya matundu madogo, ile ya kuanikia kahawa. Ifukie kama futi moja chini, uikunje kwa nje, ndio akichimba akutane nayo.

Usiku, banda liinuliwe kwa miguu, kila mguu uvishwe kipande cha bati lisilopandika. Mlango uwe na komeo, na ufungwe kabla giza halijaingia. Si baada ya mpira kuisha.

Kama uko juu kule Kapsokwony au Endebess karibu na msitu wa Elgon, na una mbuzi, weka paa. Chui anaruka ua vizuri sana. Ongeza taa. Richard Turere wa Kitengela alikuwa bado mtoto alipounganisha betri, sola, kifaa cha indiketa na balbu za tochi, taa zikawa zinawaka na kuzima kuzunguka boma usiku. Simba wakadhani mtu anatembea na tochi, wakaacha kuja. Mwaka wa 2013 akasimama jukwaa la TED kueleza. Hakuua hata mmoja. Mtoto, jameni! Na sisi na simu zetu kubwa tunaandika "weka sumu."

Kwa hivyo wewe mwenye komenti ya sumu, fanya hivi. Ukienda shags wikendi, beba waya, misumari na komeo. Muulize mathee kuku wanalala wapi. Kama jibu ni "juu ya mti," vua koti ufanye kazi. Na kama utarudi tauni bila kugonga hata msumari mmoja, ukipakuliwa kuku, usiulize firigisi iko wapi.