Hoteli ya TWA: Kilichoiokoa ni Sheria

Kila penye jengo la zamani la umma hapakosi msemaji wa kuuliza: faida yake nini? Livunjwe, kiwanja apewe mwenye fedha ajenge jipya. Neno hili huvishwa nguo ya maendeleo, na wengi hulipokea bila ya kulipima. Leo twapenda kulipima kwa jengo moja la mbali, lililo katika uwanja wa ndege wa Kennedy, New York, ambalo tangu tarehe 15 Mei, 2019 limekuwa hoteli ya fahari yenye vyumba 512.

Asili yake halikuwa hoteli. Lilikuwa nyumba ya kupokelea abiria wa shirika la ndege la TWA. Aliyelichora ni Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyehamia Marekani angali mtoto. Hakulifanya mfano wa sanduku, kama ilivyo desturi ya majengo ya namna hiyo. Aliliezeka kwa maganda manne ya zege, yakasimama juu ya miguu minne tu, na baina ya ganda na ganda akapitisha mwanga wa jua. Ndani, kuta na ngazi na viti vyapinda kana kwamba vyote vilimiminwa siku moja. Alitazamaye kwa mbele huona ndege aliyetandaza mbawa. Saarinen mwenyewe hakuwahi kuliona likifunguliwa. Alifariki 1961, naye ana umri wa miaka 51, na jengo likafunguliwa 1962.

Uzuri huo haukulikinga na hasara. Lilikuwa limepimwa kwa ndege za zama zile, na zilipoanza safari za Boeing 747 mwaka 1970 wingi wa abiria ukalizidi. Mwaka 2001 TWA ilifilisika kwa mara ya tatu, mali yake ikanunuliwa na American Airlines, na milango ikafungwa. Jengo likakaa bila ya abiria hata mmoja kwa muda wa miaka kumi na saba na zaidi. Sisi wenye maduka twajua kuwa bidhaa iliyolala rafuni mwezi mmoja hula mtaji. Je, jengo zima, tena katika kiwanja cha thamani kama kile?

Kwa hesabu ya msemaji wetu lingevunjwa kesho yake. Wala hili si dhana tu, maana katika uwanja huohuo mengine yalivunjwa. Jengo la shirika la National, lililochorwa na I. M. Pei, liliangushwa 2011. Jengo la Pan American, lililofunguliwa 1960, lenye paa pana lililotokeza kama mwavuli, lilifungwa 2013 nalo likavunjwa. Walikuwapo waliolilia, kilio hakikufaa kitu. Basi kwa nini la Saarinen likabaki? Si kwa huruma ya mtu. Lilibaki kwa kuwa tangu 1994 mji wa New York ulikwisha kuliandika katika daftari la majengo yanayohifadhiwa kwa sheria, nje yake na ndani yake, na kilichoandikwa humo hakiguswi bila ya idhini.

Sheria hiyo nayo ilizaliwa na msiba. Mwaka 1963 ilianza kuvunjwa stesheni kubwa ya reli ya Pennsylvania, iliyofunguliwa 1910, yenye nguzo za mawe mfano wa majumba ya Warumi. Wachoraji wa majengo walisimama barabarani na mabango mwaka 1962 kuipinga hatua ile, na stesheni ikavunjwa vilevile. Lakini mwaka 1965 sheria ya kuhifadhi majengo ikapita. Wenye mali hawakuridhika nayo. Kampuni ya Penn Central, iliyotaka kusimamisha jumba refu juu ya stesheni ya Grand Central, ilipeleka kesi mpaka Mahkama Kuu ya Marekani, na mwaka 1978 ikashindwa. Waliosimama barabarani 1962 hawakuipata stesheni yao. Hata hivyo walichokianzisha ndicho kilicholifunika paa la Saarinen.

Tuitazame sasa hoteli yenyewe, maana si insafu kuificha sifa yake. Kampuni ya MCR ilianza kazi Desemba 2016. Vyumba haikuvitia ndani ya jengo la zamani. Ilivijenga katika mabawa mawili mapya nyuma yake, na la zamani likaachiwa heshima ya ukumbi. Kioo cha kuta za nje kina unene wa inchi nne na nusu, ili mgeni alale huku ndege zikiruka karibu naye. Umeme hutoka katika mtambo wake wenyewe. Juu kuna bwawa la kuogelea, maji yake hupashwa moto wakati wa baridi. Ukumbini kipo kibao cha safari ambacho herufi zake hupinduka kwa mlio, na vyumbani mna simu za kuzungusha kwa kidole. Nje imeegeshwa ndege ya Lockheed Constellation ya mwaka 1958, iliyogeuzwa mahali pa vileo; hilo twawaachia wenye haja nalo. Msafiri aweza kukodi chumba kwa saa za mchana tu, asilipie usiku asioulala, na jambo hili twaliona la busara kupita mapambo yote.

Wenye hoteli wamesifiwa sana, na kwa kazi waliyoifanya wanastahiki. Lakini walipofika walikuta jengo limesimama likiwangoja. Lau wangekuta kiwanja kitupu, wangejenga sanduku kama wenzao. Tena ardhi hawakuuziwa. Ni ya mji wa New York, iko chini ya mamlaka ya bandari, na hoteli ni mpangaji.

Hatusemi kuwa kila kitu kilipona. Mabanda ya kupandia ndege yalibomolewa kupisha jengo la shirika la JetBlue, lililofunguliwa 2008. Zilizobaki ni zile njia mbili za mviringo, nyeupe, zenye zulia jekundu. Kulala hotelini kuna bei, nayo si ndogo, lakini ukumbi hauna kiingilio. Atokaye katika jengo la JetBlue hupita njia ile kwa miguu yake, akaingia na kuketi chini ya paa lile, awe na fedha za chumba au asiwe nazo.